Idara ya Matukio Yajayo

Nchi ninayoisimulia haimo katika ramani yoyote, kwa hiyo msomaji asisumbuke kuitafuta. Akiona inafanana na nchi anayoijua, basi ajue macho yake yamechoka, akapumzike. Mimi nilizaliwa huko, nikasomeshwa huko, na nikaipenda. Hata leo naipenda, kama mtu anavyolipenda jino linalomuuma: kila baada ya muda naigusa kwa ulimi kuhakikisha kama bado ipo.

Mji mkuu wa nchi hiyo ulikuwa na jamii arobaini na moja. Walikuwapo waliotoka milimani, waliotoka mwambao, waliokimbia vita nchi jirani, na wale ambao babu zao waliletwa kujenga reli, reli ikaisha, wakasahau kurudi. Kila jamii ilikuwa na ngoma yake, mapishi yake na namna yake ya kulia msibani. Serikali ilijivunia jambo hilo, hasa mbele ya wageni. Ili utajiri huo usipotee, iliunda Wizara ya Utamaduni, Utangamano na Utulivu, na ndani yake Idara ya Matukio Yajayo. Huko ndiko nilikoajiriwa, nikiwa na shahada ya sanaa, suruali moja ya ofisini na imani kubwa.

Ukuta mzima wa ofisi yetu ulifunikwa na Kalenda. Ilikuwa ndefu kuliko basi. Ilionyesha Tamasha la Vyakula vya Jamii Zote, Wiki ya Mashairi ya Mitaani, Maonyesho ya Wafinyanzi, Shindano la Watoto la Hadithi za Bibi Zao. Nilisimama mbele yake siku ya kwanza nikasikia machozi yakinilenga. Siku ya pili nikamuuliza Mkurugenzi, kwa nia njema kabisa, ni lipi kati ya hayo lililokwisha kufanyika.

Mkurugenzi Kapinga aliweka kalamu chini.

"Kijana, tukio likishafanyika linakuwa na kasoro. Vipaza sauti vinakwaruza, mvua inanyesha, mtu anaimba ubeti ambao haukupitishwa. Lakini tukio lijalo! Umewahi kumsikia mtu akililalamikia tukio lijalo?"

"Hapana, Mkurugenzi."

"Basi. Taifa letu lina matukio yajayo mengi kuliko taifa lolote la ukanda huu. Hiyo ni takwimu, si maneno yangu."

Nilidhani ananipima, kwa hiyo niliyaandika maneno hayo kwenye daftari na kuyapigia mstari.

Sababu ya kitaalamu ya kutofanyika kwa matukio ilikuwa Mgeni Rasmi. Kwa mujibu wa kanuni, hakuna ngoma iliyoweza kupigwa bila Mgeni Rasmi wa ngazi ya waziri, na waziri tuliyekuwa naye alikuwa mmoja, naye muda mwingi alikuwa ng'ambo akifungua makongamano kuhusu utamaduni wetu. Wenzangu ofisini waliniambia kwamba mwaka mmoja alituma kiti chake kimwakilishe. Kiti kilikuja na msafara wa magari sita. Watu walisimama, wimbo wa taifa ukapigwa, maskauti wakakivisha skafu. Lakini kiti hakikuweza kutamka neno "rasmi", kwa hiyo tukio likahesabiwa kuwa bado linakuja.

Nisieleweke vibaya. Tulikuwa na sheria nzuri. Sheria ya Kulinda Urithi ilipitishwa siku ambayo wafadhili fulani walikuwa wamekaa bungeni wakisubiri kuona kitu kikipitishwa, na kifungu chake cha saba nilikihifadhi kwa moyo tangu chuoni: "Mtaa wowote wenye tukio la kiutamaduni linalosubiriwa katika Kalenda hautahamishwa wala kubomolewa hadi tukio hilo litakapofanyika." Nilikiona ni kifungu kitamu sana. Nilikirudia kimoyomoyo nikienda kazini.

*

Karani aliyekuwa akistaafu, Bwana Shomvi, ndiye aliyenikabidhi mafaili. Alikuwa mtu mpole, anayekula karanga moja moja kama anayemeza dawa.

"Hili ni la Mtaa wa Mabanzi," akasema. "Linakuja kila mwaka, na kila mwaka lina kasoro. Unalirudisha likafanyiwe marekebisho."

"Kasoro gani, mzee?"

"Swali la tisa, jina la Mgeni Rasmi, wanaliacha wazi. La kumi na nne, muda wa onyesho kwa dakika, wanajibu 'Inategemea.'"

"Kwa miaka mingapi sasa?"

"Kumi na mmoja."

"Na hakuna hata mmoja aliyekwenda kuwasaidia?"

Bwana Shomvi aliutazama mlango, kisha akanitazama mimi.

"Umesoma mpaka wapi, kijana?"

"Chuo kikuu, mzee."

"Ndiyo maana naogopa. Wewe rudisha tu. Kuna mambo ya ofisini hayasemwi, kwa sababu yakisemwa yanakuwa ya ofisi."

Akafunga mkoba wake, akaenda zake kustaafu. Nilimhurumia. Niliona huyu ni mfano wa watumishi wa zamani, ambao roho ya kazi imewatoka.

*

Mtaa wa Mabanzi ulikuwa na nyumba sitini na tatu za mbao na mabati, zimeegemeana kama abiria waliosinzia. Ulikuwa katikati ya mji, mahali ambapo kila mwenye ramani na rula alipatamani. Humo waliishi watu wa jamii kumi na tisa, na hao walikuwa na ngoma isiyopatikana mahali pengine popote: Ngoma ya Hodi.

Walipofika hapo mwanzo, hakuna aliyejua lugha ya jirani yake. Maneno pekee waliyokuwa nayo wote yalikuwa mawili, hodi na karibu. Basi kina mama wakatunga ngoma kwa maneno hayo. Wanakwenda mlango kwa mlango, na kila mlango wanapiga hodi kwa mdundo wa kwao mwenye nyumba, mpaka aitikie karibu. Asipoitikia hawaondoki, wataimba hapo hapo. Akiitikia, anatoka na kuungana nao kwenda mlango unaofuata. Ngoma haijaisha mpaka nyumba ya mwisho iitikie. Nilipoyasoma hayo kwenye faili, nilifunga mlango wa ofisi nikalia kidogo.

Kiongozi wao alikuwa Mama Nyamizi, ambaye pia alikuwa fundi wa vitumbua. Nilimkuta mbele ya jiko lake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Unatoka maji au umeme?"

"Utamaduni."

"Ah." Akageuza kitumbua. "Bwana Shomvi yu wapi?"

"Amestaafu."

Kitumbua kile kiliungua. Nilikiona kikiungua mbele ya macho yake, na sikuelewa ilikuwaje kwa fundi kama yule.

"Nimekuja kuwasaidia kujaza fomu," nikasema. "Swali la tisa na la kumi na nne."

"Hayo maswali ni magumu, mwanangu. Sisi hatukusoma."

Karibu yake alikaa Bi Havijawa, ambaye alikuwa amefundisha shule ya msingi kwa miaka thelathini. Akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Hata mimi sijui kusoma," akasema.

"Basi nitawajazia mimi."

"Na sare hatuna," akasema Mama Nyamizi haraka.

"Nitaleta fundi."

"Ngoma kubwa imepasuka ngozi."

"Ngozi ipo stoo ya wizara."

"Na vikohozi," akasema Bi Havijawa, akakohoa. Wanawake wengine wanne, waliokuwa wakichambua mchele kwa amani, nao wakakohoa.

Nilileta fundi, nikaleta ngozi, nikaleta katoni mbili za dawa ya kifua. Yote yalikamilika ndani ya wiki tatu, jambo ambalo halijawahi kutokea katika historia ya wizara. Kila nilipofika na kitu kipya, Mama Nyamizi alinitazama kama mtu anayetazama maji yakipanda ngazi.

"Una bidii, mwanangu," aliniambia siku moja. "Mungu akupe kazi nyingine."

Nilimshukuru kwa dua hiyo ya kupanda cheo.

Siku nilipokwenda kuchukua saini yake, alishika kalamu akakaa nayo.

"Na tukishacheza," akasema, "baada ya hapo?"

Nilikuwa nimelitarajia swali hilo. Msomaji asidhani nilikuwa sikijui kifungu cha saba. Nimekwisha kusema nilikihifadhi. Lakini mimi nilikuwa na hoja iliyo juu ya kifungu.

"Baada ya hapo mtajulikana, Mama. Nani atabomoa mtaa ambao Waziri amekaa ndani yake, akaisikia ngoma yake, akapigwa picha na watu wake? Sheria inawalinda kwa sababu hamjaonekana. Mkionekana, mtalindwa na upendo."

Bi Havijawa aliinamisha kichwa.

"Wewe umewahi kumwona Waziri?" akauliza Mama Nyamizi.

"Kwenye picha."

"Sisi tumemwona kwa macho. Mara moja. Alikuja kule tulikokuwa tukiishi kabla ya hapa."

Nilifurahi kusikia kwamba wanafahamiana.

"Saini yangu ikikataa je?" akauliza.

"Mtaa usiosahihisha fomu ukishatembelewa na afisa unaondolewa kwenye Kalenda," nikasema. "Hiyo ni kanuni, Mama. Lakini ya nini kuwaza hayo?"

Alitia saini.

*

Mkurugenzi Kapinga aliisoma fomu mara tatu akitafuta kosa. Kwenye swali la tisa nilikuwa nimeandika jina la Waziri mwenyewe, na la kumi na nne, dakika tisini. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akafunga dirisha, kisha akapiga simu kwa Waziri akiwa amesimama.

"Imekamilika, Mheshimiwa. Ndiyo, ile ya Mabanzi. Hapana, hatukuwalazimisha. Kuna kijana hapa."

Alipoweka simu alinishika mabega yote mawili.

"Kijana, wanasheria wanne wa serikali wamekaa na mtaa huu kwa miaka kumi na mmoja. Wanne! Wewe umetumia wiki tatu na dawa ya kikohozi."

Sikujua wanasheria wanahusikaje na ngoma, lakini sifa ni sifa. Siku ile nilimwandikia mama yangu barua.

*

Siku ya tukio, mahema yalipigwa kwenye uwanja mdogo ulio mbele ya nyumba ya kwanza, ambayo ni ya Bi Havijawa. Viti vya plastiki kwa wananchi, sofa nyekundu kwa meza kuu. Kina mama walipanga mstari saa tatu asubuhi na sare zao mpya za kijani. Waziri alifika saa saba mchana. Nyuma ya msafara wake lilikuja tingatinga lililopambwa kwa maputo na maua ya karatasi, likaegeshwa pembeni. Nilidhani ni gari la maonyesho kutoka jamii mojawapo, nikalipungia mkono.

Waziri alivishwa skafu, akapanda jukwaani.

"Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Nimesimama hapa nikiwa na moyo uliojaa. Utamaduni ni roho ya taifa, na roho, kama mnavyojua, haihitaji nyumba."

Mshereheshaji akadaka kipaza sauti: "Makofi mazito kwa Mheshimiwa!"

Wageni wa meza kuu walipiga makofi.

"Kwa hiyo," akaendelea, "serikali yenu sikivu imeamua kwamba ngoma nzuri kama hii haiwezi kuachwa kwenye mabanzi. Hapa hapa nilipo patajengwa Jumba la Tamaduni Zote. Litakuwa na kumbi arobaini na moja, ukumbi mmoja kwa kila jamii, na maegesho ya magari mia sita. Wakazi watahamishiwa Kilometa Tisini, ambako hewa ni safi. Ujenzi utaanza mara tu onyesho hili litakapokwisha. Karibuni, akina mama, mtuburudishe!"

Nilitafuta macho ya Mama Nyamizi ili niyakwepe. Hakuwa akinitazama. Alisema neno moja na wanawake wenzake, na neno hilo likapita kwenye viti vya plastiki kama upepo kwenye majani. Wananchi wakaanza kuondoka. Hawakwenda mbali. Kila mmoja aliingia nyumbani kwake akafunga mlango. Bi Havijawa alitoka kwenye mstari, akaingia kwake, na kupitia dirishani tulimwona akijimiminia chai.

Kisha ngoma ikaanza, na wanawake wakasimama mbele ya mlango wake.

"Hodi," wakaimba.

Bi Havijawa akanywa chai.

"Hodi, hodi."

Akapuliza kikombe. Wakaimba kwa mdundo wa kwao, kisha kwa mdundo wa kwa marehemu mumewe, kisha wakaurudia ule wa kwanza. Dakika ishirini. Arobaini. Nimesoma sanaa miaka minne, na sijawahi kuona onyesho kama lile. Nyumba sitini na tatu zilikuwa zimekaa kimya kwa mpangilio, na ule ukimya nao ulikuwa unaimba. Mshereheshaji alijaribu mara mbili: "Akina mama, muda si rafiki yetu!" Wakamjibu hodi.

Dakika tisini nilizoziandika zilipita. Kwenye meza kuu watu walianza kujipepea kwa ratiba. Mkurugenzi akaja akachuchumaa kando yangu.

"Inaisha lini hii?"

"Mwenye nyumba akiitikia karibu, Mkurugenzi."

"Na yule anakunywa chai."

"Ndiyo, Mkurugenzi."

"Na zikibaki nyumba nyingine?"

"Ni mpaka ya mwisho iitikie. Kabla ya hapo haihesabiki kuwa imefanyika."

Niliyasema hayo kwa furaha ambayo sikuweza kuificha. Kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe nilikuwa nimeelewa kitu kabla ya wakubwa wangu. Laiti ningeishia hapo. Lakini aliniuliza swali la kitaalamu, na mimi, nilipoulizwa swali la kitaalamu, sikuwa nimefundishwa kunyamaza.

"Lazima aitikie mwenye nyumba mwenyewe? Imeandikwa?"

Nikafikiri. Nikapitia kichwani kila nilichosoma kwenye faili.

"Haijaandikwa," nikasema. "Kila mara aliitikia mwenye nyumba, lakini haijaandikwa."

Alikwenda akamnong'oneza Waziri. Waziri akasimama, akatengeneza skafu, akachukua kipaza sauti.

"Hodi," waliimba kina mama.

"Kwa mamlaka niliyopewa," akasema Waziri, "na kwa niaba ya nyumba zote sitini na tatu, naitikia rasmi: karibu!"

Bendi ya polisi ikapiga. Maputo yakaachiwa. Tingatinga likawashwa, likaja polepole na maua yake ya karatasi, kama mgeni aliyeitikiwa. Mama Nyamizi hakuacha kuimba mpaka polisi wawili walipomsogeza kwa mikono, kwa heshima, kwa sababu kamera zilikuwapo. Bi Havijawa alitoka na kikombe chake mkononi, chai ikiwa nusu. Alisimama akatazama ukuta wake wa mbele ukilala chini. Alikuwa bado hajaitikia.

Mkurugenzi aliniletea daftari la Matukio Yaliyofanyika. Kurasa zake zote zilikuwa nyeupe. Nilitia saini kwenye mstari wa kwanza, kwa sababu tukio lilikuwa limefanyika, na mimi sisemi uongo.

*

Siku mbili baadaye mitaa mingine yote ya mji ilituma wajumbe wizarani kuomba irudishiwe fomu zake, ili ikazikosee vizuri zaidi. Wengine walikosea hadi majina yao. Wizara ilishtushwa na kushuka huku kwa elimu, ikaunda cheo kipya cha Mshauri Mkuu wa Ujazaji Fomu, ikanipa mimi, pamoja na gari na orodha ya mitaa thelathini na minane.

Barua ya cheo ilikuwa mfukoni mwangu asubuhi ambayo malori yaliwachukua watu wa Mabanzi. Nilikuwa nimetumwa kuwagawia vyeti vya ushiriki. Vilikuwa vyeti vizuri, karatasi ngumu, nembo ya dhahabu. Wanawake walivipokea kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka. Baadaye niliona wamevikunja na kuvisukumia kwenye matundu ya lori kuzuia vumbi. Bi Havijawa alipokea chake akakisoma chote kwa sauti, bila kukwama hata kwenye neno moja, kisha akapanda.

Mama Nyamizi alikuwa wa mwisho. Alikuwa amebeba kikaangio cha vitumbua kichwani. Nilitaka kumwambia mambo mengi. Nilikuwa nimeyaandika usiku mzima, kurasa nne, na yote yalianza na neno "nilidhani". Badala yake nikampa cheti chake.

"Huko Kilometa Tisini," akaniuliza kwa upole, "na wewe wamekupanga?"

"Hapana, Mama. Nimepangiwa mjini. Nitakuwa naisaidia mitaa mingine."

Alinitazama, na usoni mwake sikuona hasira hata kidogo. Ningefurahi kuiona. Akageukia lori, kwa wanawake waliokuwa wamebanana kati ya magodoro na masufuria, wakisubiri kusikia jibu.

"Shukuruni Mungu, jamani," akawaambia. "Haji."